SHEIKH ABDULLA SALEH FARSY: MWANACHUONI ALIYEANDIKA MAJINA YA WALIMU WAKE

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. 

Ukimuuliza mtu mzima ni nani aliyemfundisha kusoma, mara nyingi atakutajia mwalimu wake wa darasa la saba au wa sekondari. Ukimuuliza ni nani aliyemshika mkono akamwonyesha alifu na be kwa mara ya kwanza, wengi hunyamaza wakatafuta jina. Mwalimu wa mwaka wa kwanza ndiye anayepokea mtoto anayelia, asiyejua kukaa kwenye mkeka, asiyejua herufi moja. Anamfuta machozi, anamfundisha, kisha mtoto anapanda madarasa na mwalimu anabaki pale pale na watoto wengine wapya. Huyu ndiye mwalimu anayesahauliwa upesi kuliko wote.

Katika toleo hili tutaeleza maisha ya mwanachuoni mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki ambaye hakuwasahau walimu wake. Naye ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyefasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili. Tafsiri yake mmeiona katika nyumba nyingi na misikiti mingi. Leo tutazame alitoka kwa nani, na aliwafanyia nini wale waliomfundisha.

KUZALIWA KWAKE NA CHUO CHA KWANZA

Sheikh Abdulla alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 12 Februari 1912. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, lakini ilikuwa mji wa elimu ya dini. Watu walitoka Lamu, Barawa, Ngazija, Hadhramaut na bara wakaenda kusoma huko. Darsa zilikuwa misikitini na majumbani mwa masheikh, asubuhi mpaka usiku.

Kama watoto wote wa Kiislamu wa mwambao, alianza na chuo cha Qur'ani. Na hapa pana jambo ambalo tungependa wasichana wetu walisikilize vizuri. Mwalimu wake wa Qur'ani alikuwa mwanamke, Bi Fatma binti Hamid Said, aliyeishi kati ya mwaka 1891 na 1936. Mtoto ambaye baadaye atakuja kuwa Kadhi, na atakayefasiri Qur'ani nzima, alikaa mbele ya mwalimu wa kike akajifunza kuzitamka herufi za Qur'ani.

Haya si ya kushangaza kwa mtu aliyelelewa pwani. Vyuo vingi vya watoto viliendeshwa na wanawake ndani ya nyumba zao. Mtoto alikwenda na ubao wake, akaandikiwa herufi, akazisoma kwa sauti pamoja na wenzake, moja moja, kisha kwa irabu, kisha kwa kuziunganisha. Akishazijua aliandikiwa sura fupi. Aliyemaliza juzuu alifanyiwa furaha na wazazi wake, na mwalimu alipelekewa chochote walichojaaliwa. Hapakuwa na mshahara wa mwezi. Mwalimu wa chuo alifundisha huku akipika, huku akilea watoto wake mwenyewe, na huku akiwalea watoto wa watu.

Bi Fatma alifariki mwaka 1936, Sheikh Abdulla akiwa kijana wa miaka 24 ambaye bado hajapata cheo. Hakuishi kumwona mwanafunzi wake akiwa Kadhi, wala hakuiona tafsiri. Lakini jina la Bi Fatma limo katika maelezo ya maisha ya Sheikh Abdulla. Fikirieni, wanafunzi. Jina la mama huyu lipo vitabuni kwa sababu ya mtoto mmoja aliyemfundisha vizuri.

WALIMU WAKE WENGINE

Baada ya Qur'ani, Sheikh Abdulla alisoma shule ya serikali na papo hapo akaendelea na elimu ya dini kwa masheikh. Alimaliza masomo ya shule mwaka 1932. Kwa hiyo alikuwa na miguu miwili: mmoja shuleni, mmoja msikitini. Wako wazazi mpaka leo wanaodhani mtoto hawezi kubeba yote mawili. Maisha ya Sheikh huyu ni jawabu tosha.

Katika masheikh wake wakubwa alikuwepo Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir (1881–1943). Ili mumjue Sheikh Abubakar, inafaa kwanza mumjue baba yake. Sheikh Abdalla Bakathir alizaliwa Lamu, akaja kuishi Zanzibar, na nyumba yake iliyokuwa mtaa wa Ukutani akaigeuza kuwa madrasa. Hakuwa tajiri. Alisafiri kwa ajili ya elimu mpaka Hadhramaut, na alifika hata Cape Town, Afrika ya Kusini, kwa kazi ya dini. Alikuwa mwanafunzi na rafiki mkubwa wa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, Kadhi maarufu aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861. Marafiki wawili hawa walifariki mwaka mmoja, 1925. Wakati huo Sheikh Abdulla alikuwa mtoto wa miaka 13.

Mabwana wale wawili walipoondoka, elimu haikuondoka. Kila mmoja aliacha mtoto aliyeshika nafasi yake. Sheikh Abubakar alishika darsa za baba yake, na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait akawa Kadhi kama baba yake. Wote wawili walimsomesha Sheikh Abdulla. Ndivyo elimu ya dini inavyokwenda, kutoka kifua kwenda kifua, na kila kifua kina jina.

MWANAFUNZI AWA MWALIMU

Mwaka 1933 Sheikh Abdulla alianza kazi ya ualimu katika shule za msingi, na akaifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Yaani mtu aliyesoma vitabu vikubwa vya Fiqhi na Tafsiri alikuwa akiingia darasani kufundisha watoto wadogo. Hakuona kuwa kazi hiyo ni ndogo. Huenda ndiyo iliyomfundisha kusema jambo zito kwa maneno mepesi, kwani mtoto hadanganywi na maneno makubwa. Asipofahamu anakukodolea macho tu.

Baadaye alipewa kazi ya kukagua masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, kisha akasimamia shule ya Kiarabu ya Ukutani, mtaa ule ule ambao Sheikh Abdalla Bakathir alifungua nyumba yake kwa wanafunzi. Jioni na usiku aliendelea na darsa misikitini. Watu walimpenda kwa sababu alieleza dini kwa Kiswahili safi kinachofahamika na mvuvi, mchukuzi na mama wa nyumbani.

KITABU CHA WALIMU

Mwaka 1944, akiwa na miaka 32, Sheikh Abdulla alitoa kitabu ambacho hakina mfano wake katika lugha yetu. Jina lake ni Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Mwaka mmoja nyuma mwalimu wake, Sheikh Abubakar Bakathir, alikuwa amefariki.

Ndani ya kitabu hiki ameeleza maisha ya masheikh: nani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alimsomesha nani, alikuwa na tabia gani, alifariki lini na kazikwa wapi. Wamo masheikh wa Zanzibar, Lamu, Mombasa, Barawa na Ngazija. Yumo Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyekuwa Kadhi Zanzibar na kufariki mwaka 1869. Yumo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyefanywa Kadhi wa Kilwa angali kijana mdogo sana na kufariki Zanzibar mwaka 1896. Huyu al-Amawi alisafiri pia mpaka pande za mto Ruvuma, mto uliolipa jina lake mkoa wetu.

Kabla ya kitabu hiki, habari nyingi za masheikh hawa zilikuwa katika vinywa vya wazee. Mzee akifa, habari zinazikwa naye. Sheikh Abdulla alikaa na wazee akauliza, akaandika na akalinganisha. Wanachuoni wa vyuo vikuu vya ulimwengu wanaotaka kujua historia ya Uislamu wa Afrika Mashariki hawawezi kukiruka kitabu chake, na mwaka 1989 kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani. Kilianza kama shukrani ya mwanafunzi kwa walimu wake, kikawa hazina ya umma.

Aliandika na vitabu vingine, vikiwemo maisha ya Mtume Muhammad (S.A.W.) na historia ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar.

TAFSIRI YA QUR'ANI TUKUFU

Kazi iliyompa jina kubwa ni tafsiri. Mpaka miaka ya arobaini Waislamu wa Kisunni wa Afrika Mashariki hawakuwa na tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili waliyoitoa wao wenyewe. Iliyokuwepo ilikuwa ya padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, iliyotoka mwaka 1923. Mwaka 1953 ikatoka nyingine jijini Nairobi, ya jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kufasiri, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kumaliza.

Si kila mtu alipenda Qur'ani ifasiriwe. Walikuwepo waliohofu kwamba watu wataacha Kiarabu, au kwamba kila mtu atajifanya mufti baada ya kusoma kurasa mbili. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini Sheikh Abdulla aliona hatari kubwa zaidi: Muislamu asiyejua Kiarabu anasali miaka hamsini bila ya kujua anamwambia nini Mola wake, na akitaka kujua hana pa kwenda ila kwa watu wa itikadi nyingine.

Akaanza kidogo kidogo. Alitoa kwanza sura zinazosomwa sana katika sala, kisha juzuu moja baada ya nyingine. Mwaka 1969 tafsiri kamili, yenye jina la Qurani Takatifu, ilichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Kiarabu kiko upande wake, Kiswahili upande wake, na chini yake maelezo ya kumsaidia msomaji. Miaka mingi imepita na wengine wametoa tafsiri zao, lakini yake bado inasomwa.

Sisi wa Hanga, Namtumbo na Songea tuko mbali na bahari. Uislamu ulifika huku kwa njia za misafara kutoka Kilwa na kwa miguu ya walimu waliokuja na msahafu mmoja na ubao mmoja. Masheikh wa Kiarabu walikuwa wachache. Kwa watu kama sisi tafsiri ya Kiswahili ilikuwa kama kuletewa mwalimu mlangoni.

UKADHI, NA ADABU YA KUKHITALIFIANA

Mwaka 1960 Sheikh Abdulla alifanywa Kadhi wa Zanzibar. Aliendelea na kazi hiyo hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1967 akaondoka kwenda Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakaa Mombasa, akaishika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Katika miaka hii lilimfika jambo zito, ambalo hatutaki kulipita bila kulisema. Baadhi ya walimu wake walikuwa watu wa maulidi na nyiradi, na yeye mwenyewe alilelewa katika mazingira hayo. Kadiri alivyoendelea kusoma aliona kuwa baadhi ya mambo yanayofanywa na watu kwa jina la dini hayana dalili. Akasema wazi, na katika miaka ya sabini akaandika vitabu juu ya bid'a. Watu wengi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walikasirika. Walimwona kama mtoto aliyeugeukia mlango alikolelewa. Wengine walimjibu kwa hotuba na maandishi.

Makala hii haikukusudiwa kuhukumu mas-ala yale. Yanao wenyewe wa kuyaeleza. Tunachotaka mkitazame ni hiki. Mtu huyu aliyekhitalifiana na baadhi ya mwenendo wa walimu wake ndiye yule yule aliyeandika kitabu cha kuwasifu. Hakukiungua wala hakukikana. Mwaka 1972, tayari akiwa Kadhi Mkuu, kitabu kile cha masheikh kilichapishwa tena Mombasa, na majina ya akina Bakathir na akina Sumait yakabaki mahali pake pamoja na heshima yao.

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Kijana anasoma mwaka mmoja au miwili mbali na nyumbani, anarudi kijijini, anamkuta ustadhi mzee aliyemfundisha alifu, anamwambia mbele ya watu kuwa hajui kitu. Amesahau kuwa hata ulimi anaomtukania mzee yule umenyooshwa na mzee yule. Kukhitalifiana na mwalimu kwa dalili kunaruhusiwa, na wanavyuoni wote wakubwa walifanya. Kumvunjia mwalimu heshima ni jambo jingine kabisa.

KUFARIKI KWAKE

Baada ya kuacha kazi ya ukadhi alihamia Oman, na mwezi wa Novemba 1982 alifariki dunia huko Maskati, akiwa na umri wa miaka 70. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Mwenyezi Mungu akamlipa kwa jinsi ya amali yake. Yeye aliandika maisha ya walimu wake, na baada ya kufa kwake akatokea mwanafunzi wake, Sheikh Saidi Musa wa Dar es Salaam, akaandika kitabu kizima cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1986. Aliyewakumbuka walimu alipata wa kumkumbuka. Na katika kumkumbuka yeye, Bi Fatma binti Hamid naye anakumbukwa.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza: Mwalimu wa mwaka wa kwanza si mwalimu mdogo. Herufi ikitamkwa vibaya mwanzo husumbua maisha yote, na mtoto akitishwa siku ya kwanza huichukia elimu. Walimu wetu wanaofundisha watoto wadogo wajue ukubwa wa kazi yao, na wawe wapole.

Pili: Mwanamke ana nafasi yake katika kufundisha Qur'ani. Wasichana wetu wasiridhike na kuhitimu tu. Wakusudie kufundisha, angalau watoto wa nyumba za jirani.

Tatu: Elimu ya shule na elimu ya dini si maadui. Sheikh Abdulla alizibeba zote mbili na zote zikamfaa.

Nne: Dini ielezwe kwa lugha ambayo watu wanaifahamu, lakini kwa elimu na kwa uangalifu. Kusoma tafsiri hakumwondolei mtu haja ya kukaa mbele ya mwalimu.

Tano: Tunaweza kukhitalifiana na waliotufundisha na bado tukawaheshimu, tukawatembelea na tukawaombea.

KAZI KWA KILA MWANAFUNZI

Walimu waliotembea kutoka pwani wakafundisha Qur'ani katika vijiji vyetu vya Ruvuma, wengi hawakuandikwa popote. Majina yao yako katika vinywa vya babu na bibi zetu, na kila mwaka tunazika baadhi ya vinywa hivyo. Katika likizo hii, kila mwanafunzi akae na babu, bibi au mzazi wake amwulize mambo manne: Nani alikufundisha Qur'ani mwanzo? Alitoka wapi? Alifundishia wapi? Alikuwa na tabia gani? Ayaandike majibu katika daftari kwa mwandiko unaosomeka, aweke na tarehe, kisha alilete madrasa. Kitabu cha Sheikh Abdulla kilianza hivyo hivyo, kwa kuuliza na kuandika.

Na mwalimu wako aliyekufundisha alifu akiwa bado hai, nenda kamsalimie. Usingoje mpaka uwe na zawadi. Kama amefariki, muombee dua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, amrehemu Bi Fatma binti Hamid na masheikh wake wote, awasamehe makosa yao na awalipe Pepo. Awarehemu walimu wa Hanga na wa Ruvuma yote ambao majina yao hatuyajui na Yeye anayajua. Atujaalie na sisi tuwe wanafunzi wenye adabu na walimu wenye huruma.

Aamiin yaa Rabbal 'aalamiin.

Wabillaahi tawfiiq.